Ngazi ya Dhiraa Ishirini na Tano

Zama zile Wayunani walipokuwa wakigombea kila kilima chenye mizeituni, Jemadari Polidamo aliuzingira mji wa Melandia miezi mitatu, hata jeshi lake likabakiwa na dengu na hasira. Jeshi hilo lilikuwa na desturi moja: aliyekadiria urefu wa ngazi ndiye hutangulia kuipanda. Wakadiriaji wawili walikwisha kuzikwa, wa tatu akatoroka. Ndipo akaletwa kwa nguvu Arkesila, mwalimu wa jiometri, mtu mwembamba aliyeogopa hata kitanda kirefu.

Arkesila hakukubali kupima lolote mpaka jemadari aafiki misingi: kwamba pembe mraba zote ni sawa, kwamba ardhi ni bapa na ngumu, kwamba ukuta umesimama wima. Polidamo akaafiki yote huku akitafuna dengu. Basi mwalimu akalinganisha kivuli cha ukuta na kivuli cha mkuki, akatangaza: ukuta dhiraa ishirini na nne, kitako cha ngazi dhiraa saba kutoka ukutani, ngazi yenyewe ishirini na tano. Seremala akasihi aongeze mbili, maana akiba haiozi. Arkesila akamtazama kama mtu aliyeshauriwa kuiba, akakataa.

Kulipokucha akasukumwa mbele kwa ncha ya mkuki. Alipanda macho ameyafumba, roho mkononi. Alipoyafumbua, kichwa chake kilikuwa juu ya ukuta, na mbele yake walinzi sita wameshika miti yenye panda, ile ya kusukumia ncha za ngazi. Lakini ngazi ilikuwa imekoma sawasawa na ukingo, haikutokeza hata kidole.

"Sasa tuisukume wapi?" akauliza mlinzi mmoja mnene, jina lake Thrasio, amefadhaika kwelikweli.

Hofu ikamtoka Arkesila, ualimu ukamwingia. Akajivuta juu ya ukuta, akachora pembetatu vumbini, akaanza kueleza. Walinzi wakaiweka miti chini, wakainama kutazama.

"Si kweli," akasema Thrasio. "Ukuta huu haukusimama wima. Aliujenga mjomba wangu, naye alikuwa mlevi. Umeinamia kwenu."

Arkesila akachungulia, akaona ndivyo. Ngazi ilipaswa kutokeza. Ila kitako chake kilikuwa kimezama matopeni kwa kiasi kilekile. Amepona kwa makosa mawili yaliyofutana. Akakaa, aibu imemshika kuliko woga. Nyuma yao askari wa Polidamo walikuwa wakipita mmoja mmoja kwenda kufungua lango.

Mji ukatekwa bila damu, na kwenye jiwe la ushindi likachongwa jina la Polidamo peke yake. Mwalimu akaambiwa achague zawadi. Akamnyoshea kidole Thrasio, aliyekuwa amefungwa kamba na bado anabisha.

"Huyu wa nini?" jemadari akashangaa. "Anakula sana."

"Miaka ishirini nafundisha, bwana wangu," akasema Arkesila, machozi yakimlengalenga, "na wote huafiki kama ulivyoafiki wewe. Huyu ndiye wa kwanza kukataa."