Barua Iliyoziba Foleni

Niliitwa kutoka Mombo jua likizama. Seva ya barua pepe ya shamba moja la mkonge pale Korogwe ilikuwa inazimika kila ikiwashwa. Shamba lilikuwa limebinafsishwa mwaka uliotangulia. Mwekezaji alileta kompyuta. Taratibu alizikuta, akaziacha zilivyo.

Kwenye chumba cha seva walikuwapo wawili: Mzee Mdoe, msimamizi wa ofisi, na Zuena, karani, mama wa Handeni ambaye hakusimama wala kukaa. Mwanawe Awadhi, wa darasa la kwanza, alikuwa amelazwa Dar es Salaam, moyo una tundu. Angepasuliwa kesho asubuhi, iwapo tu barua ya dhamana kutoka kwa mwajiri ingefika usiku ule. Niliuliza kwa nini wasipige simu. Mzee Mdoe akasema simu haina muhuri. Nikaona nisimkumbushe kuwa barua pepe nayo haina.

"Fundi," Zuena aliniambia taratibu, "yangu iko humo. Imekwama."

Nikawasha. Feni ikavuma, foleni ya barua ikaanza kusogea... kisha mlio mkavu, kama kijifupa kikivunjwa, na skrini ikawa nyeusi.

Nikarudia. Pale pale.

Safari ya tatu nikanusa kitu.

Karafuu maiti, ile wanayotiwa wafu kabla ya sanda.

Kumbukumbu za seva zilikuwa zinakoma kwenye faili lile lile. Si ajabu: faili likiharibika, seva hulisoma, hujikwaa, huzimika, ukiiwasha, inalirudia. Nikalifungua. Mtumaji: Sadala. Tarehe: ya leo, magharibi.

Nikauliza, Sadala gani?

Wakatazamana. Sadala alikuwa karani kabla ya Zuena. Walimzika kule Kabuku, mwezi wa Ramadhani. Anwani yake haikufungwa kwa sababu, Mzee Mdoe alinieleza bila kucheka, fomu ya kufunga anwani husainiwa na mwenye anwani.

Ndani mlikuwa na mstari mmoja, herufi nyingine zimeliwa: ...naomba msaidizi, kazi huku ni nyingi...

Sehemu ya mpokeaji ilikuwa tupu. Hapo ndipo seva ilipojikwaa.

Nilitaka kulifuta. Mzee Mdoe akakataa: nyaraka za ofisi hazifutwi bila kibali cha makao makuu, na kibali huombwa kwa barua pepe. Nikalifuta hata hivyo, nikiikinga skrini kwa mgongo. Nikawasha.

Likarudi.

"Lijazwe jina, liende," alisema Mzee Mdoe. Sauti ilikuwa imemshuka.

"La nani, mzee?"

Yeye anayesaini kila kitu, akaitia kalamu mfukoni. Kwetu, ukiitwa magharibi na usiyemwona, huitiki. Na kujaza jina pale kulikuwa ni kuitika.

Zuena akanisogeza kwa kiwiko.

"Usiandike la mtu aliye hai," nikanong'ona.

"Mwanangu yuko nyuma yake, fundi."

Akaandika anwani yake mwenyewe.

Foleni ikasogea. Barua ya dhamana ikaenda. Na kwenye chumba cha pili, mezani kwa Zuena, kompyuta iliyokuwa imezimwa ikalia.

Ti.

Akaenda peke yake. Tukasikia kiti kikivutwa.

Kisha kingine.

Kisha sauti yake, ya chini, ya mtu anayeomba ruhusa kwa mkubwa wa kazi: "Shikamoo, kaka Sadala... Nimeipata. Ila mtoto akue kwanza, ndipo nije."

Harufu ikakatika.

Kwenye ripoti niliandika kwamba diski ina sehemu mbovu. Huenda ni kweli. Nimeshaona diski mbovu zikirudisha yaliyofutwa. Kiti cha pili sikukiandika, na Mzee Mdoe hakukiuliza.

Awadhi alipona. Sasa yuko darasa la saba, na darasani hashikiki. Mwalimu mkuu wake hunisimulia kama kichekesho kwamba kila mwisho wa mwaka mama yake huja ofisini kwake, hufunga mlango, hupiga magoti, na kumwomba mtoto asipandishwe darasa.