Picha ya Langoni

Kila asubuhi kabla ya kengele, zamu yetu hufagia veranda. Mimi nilikuwa nafagia kidogo na kuongea sana. Wenzangu waliniita Darubini, maana nilijigamba kwamba uso nikiuona mara moja, siusahau. Laiti ningefunga mdomo!

Wiki hiyo feni ya ofisini iliibwa. Kamera ya langoni ilimnasa mwanamume akiibeba, na picha yake ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Asubuhi moja alikuja fundi vioo kutengeneza dirisha letu. Nikamtazama, nikaitazama picha. Kipara, pua pana, shingo nene.

"Ndiye!" nikapiga kelele. "Mwizi wa feni ndiye huyu!"

"Una hakika?" mlinzi akaniuliza.

Hakika ya wapi! Lakini darasa zima lilikuwa linanikodolea macho.

"Asilimia mia," nikajibu.

Fundi akashikwa mkono mbele ya watoto, akapelekwa kwa mwalimu mkuu, nami nikaitwa. Fundi hata hajaketi, simu yake ikalia.

"Ni zahanati," alisema alipomaliza kuongea. "Nilikuwa nianze kazi kwao kesho. Wameshasikia kwa mzazi aliyekuwa langoni eti mimi mwizi. Wanasema nisije."

Mwalimu mkuu akamwomba kitambulisho, akafunika jina kwa kidole gumba, akanionyesha.

"Na huyu, unamjua?"

Nikaona kijana mwembamba mwenye nywele tele. "Simjui, mwalimu."

"Ni huyu huyu fundi aliyekaa mbele yako."

Yaani nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu akamwita mpishi wa shule, jirani na shemeji yake fundi kwa miaka mingi. Mpishi alikitupia jicho kitambulisho, akacheka.

"Si shemeji huyu, kabla hajaota kipara!" Alipoonyeshwa picha ya langoni, akaacha kucheka. "Huyo siye hata kidogo. Tena siku feni ilipoibwa, shemeji alishinda kwangu akiniwekea kioo cha kabati."

Fundi hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mwanangu," alisema, "nina binti wa rika lako. Leo akiniuliza, nimwambie nini?"

Machozi yakanitoka. "Nisamehe, baba. Sikuwa na hakika. Niliona aibu kusema sijui."

"Sikiliza," mwalimu mkuu akasema. "Mtu usiyemzoea ni vigumu kumtambua kwa picha. Mpishi anamjua fundi, ndiyo maana hakubabaika. Kumfananisha mtu hutupata sote. Kosa lako ni kusema una hakika huku huna. Neno ulilolisema mbele ya watu, utalifuta mbele ya watu."

Nililifuta kwanza verandani, mbele ya darasa langu, na hakuna aliyecheka. Kisha mwalimu akatupeleka zahanati, mimi na fundi. Wagonjwa walijaa kwenye mabenchi. Nilisema kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la dawa:

"Fundi huyu hakuiba kitu. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Msimamizi wa zahanati akamgeukia fundi, akamwomba radhi. "Njoo kesho saa mbili," akamwambia.