Aliachiliwa Saa Nne Asubuhi

Mjomba wangu Kagwe alikuwa karani katika kituo kidogo cha polisi nje ya Thika, ambacho siku hizi hakipo hata kwa jina. Ni mwaka 1953 huo, hali ya hatari ya wakoloni imepamba moto. Kaptula yake ilinyooshwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko uso wake. Naweza kusema hivyo. Uso nimeurithi mimi.

Kazi yake ilikuwa kuandika kitabu cha matukio: nani kaingia, nani katoka, saa ngapi. Jumatatu moja, chai bado ina moshi mezani, Inspekta alimwambia aandike kwamba mahabusu Kang'ethe, mchuma kahawa wa Ruiru, ameachiliwa saa nne asubuhi. Mjomba akatazama saa ya ukutani. Saa tatu kasorobo. Kang'ethe alikuwa amekufa seli kwa kipigo jana yake, na askari walishamfukia chini ya mibuni ng'ambo ya barabara.

Mjomba aliandika. Hata nukta aliiweka mahali pake.

Adhuhuri akaja mke wa Kang'ethe, Warigia, na kikapu cha viazi vya kuchemsha. Mjomba akamsomea kitabu. Mama akauliza, mbona basi hajafika nyumbani? Hapo mjomba angenyamaza. Lakini ukoo wetu haujui kunyamaza. Akasema Kang'ethe alielekea Gatuanyaga, amejifunga leso kichwani. Uongo tu wa kumwondoa mtu mlangoni. Mama alipotoka, askari walicheka mpaka wakashika ukuta.

Jumatano Warigia alirudi, vumbi hadi magotini. Alishukuru sana. Watu wa Gatuanyaga walimwona mumewe akipita, leso kichwani, hasalimii mtu.

Hakuna askari aliyecheka. Leso ile mjomba aliitunga palepale kaunta, kalamu sikioni.

Akatunga tena. Labda amevuka hadi Ngoliba, alisema, anachechemea. Ijumaa mama akarudi. Walimwona Ngoliba. Anachechemea.

Kisha akainama juu ya kaunta, akanong'ona:

"Karani, wewe ndiye unayejua njia zake. Atafika nyumbani lini?"

Mjomba aliniambia kwamba pale angeweza kusema kweli. Neno moja tu. Lakini neno hilo lingemfungulia seli ileile, na alikuwa na watoto wanne.

"Kesho," akasema. "Saa nane mchana."

Jumamosi hakula. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu Warigia hakuja kituoni. Jumanne pia. Jumatano mjomba akashindwa, akapanda baiskeli hadi Ruiru, jua likiwa utosini.

Warigia alikuwa mlangoni akimenya viazi. Vingi. Vya watu wawili.

Mjomba akavua kofia. Akasema yote kwa haraka, kama anayetapika: kipigo, mibuni, kitabu. Akasema mumeo amekufa, mama. Nisamehe.

Warigia hakulia. Aliweka kisu chini.

"Sema polepole, karani," akanong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."

Mjomba akachungulia ndani. Kitandani hapakuwa na mtu. Blanketi lilikuwa limebonyea, urefu wa mwanamume. Likapanda kidogo. Likashuka.

Baiskeli aliiacha huko huko.

Alipomwomba Inspekta asahihishe kitabu, alisahihishwa yeye: miaka mitatu kizuizini. Uhuru ulipokuja alipeleka malalamiko kwa serikali mpya, ili Warigia apewe fidia ya mumewe. Wakatuma afisa kijana, tai shingoni, kitabu kilekile kwapani. Mjomba akaonyesha mahali. Wakachimba tangu asubuhi, shimo likamfika mtu kifuani.

Hapakuwa na mfupa. Wala kifungo cha shati.

Afisa akafungua kitabu, akasoma kwa sauti: ameachiliwa, saa nne asubuhi. Akasema serikali haiwezi kulipia mtu aliyekwenda zake nyumbani, akausifu na mwandiko. Ndiyo haki tuliyoipata. Alipanda gari, wachimbaji wakabeba majembe, wakaondoka.

Mjomba peke yake ndiye aliyeinama shimoni. Mizizi ya mibuni, ile iliyokuwa juu ya kaburi, ilikuwa imekatika zamani, ikapona. Ncha zake zote zilikuwa zimesukumwa juu, kutoka chini.