Mkono wa Cédric

Kidawa alikwenda Yeoville kuchukua jaketi tu.

Ilikuwa Ijumaa, jua linazama nyuma ya maghorofa, na baridi ya Julai imeanza kung'ata vidole. Pacifique, mwenzake katika kazi ya ulinzi, alikuwa lindoni hadi saa ya safari, na jaketi lake zito lilibaki saluni kwa mkewe. Kampuni ilikuwa inawapeleka wote wawili kwenye mafunzo ya mwisho wa juma katika milima ya Magaliesberg: kulenga shabaha kwa bunduki, na historia ya vita vya zamani. Kule hakuendeki bila jaketi.

Denise, mke wa Pacifique, alikuwa amebaki na binti yao tu, Gaëlle, aliyesinzia kwenye kiti cha wateja. Kidawa alipoingia, Denise alifunga mlango kwa ufunguo.

"Dada Kidawa," alisema kwa sauti ya chini. "Jaketi hili hapa. Na hiki nimekikuta mfukoni."

Kichupa cha dawa ya kikohozi, kimefungwa uzi mweusi shingoni. Ndani mna maji.

"Usimpe. Ukifika kwenye robot kubwa pale chini, zile taa za barabarani, penye magari mengi, uyamwage barabarani. Halafu wende. Usigeuze macho."

"Kwa nini usiyamwage mwenyewe?"

"Miye ni mke wake. Nalala naye kitanda kimoja." Denise alimshika mkono, akaubana. "Umrudishe, dada. Nakuomba sana. Umrudishe yeye."

Yeye... Kana kwamba kuna mwingine.

Ukisema umetoka Tanga, watu wa mji huu wanaanza kukupa vichupa. Kidawa alishazoea. Lakini alipofika kwenye robot na kukiinua kichupa mbele ya taa za magari, alisita. Maji yalikuwa na rangi ya manjano hafifu. Rangi ya zafarani.

Bibi yake alikuwa akiandika kombe. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Na mabaki, bibi alisema kila mara, hayamwagwi njiani watu wakayakanyaga. Yanapelekwa kwenye shina la mti, mahali safi.

Basi huyu mwanamke anayefunga mlango na kunong'ona, anataka maji ya mumewe yapite chini ya magurudumu. Anaosha nini? Au anamfungia nini?

Taa ikawa kijani. Kidawa akakitia kichupa mfukoni mwake.

Pacifique alimpokea kwenye gari kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa salamu. Akikupa mkono, aliushika wako, akauchezesha, akasahau kuurudisha.

"Ninyi Watanzania," alisema, "mnasalimia mpaka chai inapoa. Lakini mkono mnautoa kama mnaukopesha."

"Nirudishie basi, una riba?"

Wakacheka. Kisha alivaa jaketi, akapapasa mfuko wa ndani. Akapapasa tena.

"Mama Gaëlle hakukupa kitu kingine?"

"Jaketi tu."

"Sharp, sawa," alisema. Lakini alitazama dirishani njia nzima, na hakutania tena.

Alfajiri ya Jumamosi Kidawa aliamka kabla ya wenzake. Juu ya kambi palikuwa na kuta zilizobomoka za ngome ya mawe, na kando yake mti mmoja wa miiba, mdogo, uliopindwa na upepo. Alisoma Bismillahi, akakata uzi, akayamwaga maji kwenye shina.

Ardhi ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Lakini haikuyanywa. Maji yalikaa pale juu, duara moja, yakimtazama.

Kisha yakatoweka kwa mkupuo. Kama yamemezwa.

Harufu ikapanda kutoka ardhini. Harufu ya mto mkubwa, tope na mizizi... na mlima ule hauna mto.

Baada ya chai, mwalimu wao aliwakusanya pale pale kwenye ngome. Alikuwa mzee Kaburu aitwaye Coenraad, mpole, anayesema polepole kama anayesomesha watoto wake. Aliwaeleza jinsi vijana walivyouawa hapa katika vita vya Makaburu, kwa risasi, na zaidi kwa baridi na homa.

"Wengine wamelala hapo," alisema, akionyesha mti wa miiba. "Majina yao hayajulikani."

Kidawa hakuweza kuinua macho.

Mzee aliwaomba kila mmoja aseme neno la vita vya kwao. Zamu ya Kidawa ilipofika, alisimulia Maji Maji, na watu walioamini kwamba maji yangegeuza risasi za Wajerumani. Wachache walicheka.

Pacifique hakucheka.

"Kwetu Fizi, kwa wapiganaji, yapo mpaka leo," alisema. "Kaka yangu Cédric alinyunyiziwa. Hayo maji iko na masharti. Ukinyunyiziwa, haumpi mtu mkono. Haupokei kitu mkononi mwa mtu. Hata mama yako."

"Na ukimpa mtu mkono?" aliuliza mzee Coenraad.

Pacifique alitazama kiganja chake.

"Risasi inabaki risasi."

Ndipo Kidawa alipojua kuwa alichokimwaga hakikuwa kombe bali maji ya vita, na mahali alipokimwaga. Maji yakimwagika hayazoleki. Alijipapasa mfukoni. Kichupa kitupu kilikuwa kimelowa kwa nje.

Kufika adhuhuri, ukungu ulishuka. Nyuma yake mvua, na ndani ya mvua vipande vya barafu.

"Julai hapa hakunyeshi," mzee alisema, zaidi kwa nafsi yake. Hata hivyo aliwalaza kwenye mstari, kwa kuwa mlinzi, alisema, hachagui hali ya hewa.

Walipiga. Milio ilikwenda ikafa haraka, bila mwangwi. Shabaha zilipoletwa, mzee alizigeuza moja moja, akakunja uso.

Hakuna karatasi iliyotoboka.

Pale ambapo risasi zingepita palikuwa na alama tu. Alama za duara, zilizolowa.

"Eish. Risasi za zamani hizi," mzee alisema. "Baruti imekufa kwa unyevu." Lakini aliinusa karatasi, kisha akaiweka mbali naye.

Pacifique aliinuka. Alisema atakwenda yeye kubandika karatasi mpya. Hakungoja jibu.

Sheria ya uwanja ni moja: mtu akienda mbele, bunduki zote zinafunguliwa na kulazwa chini, na mmoja anashika bendera nyekundu juu mpaka aliyekwenda arudi. Bendera ikishuka, watu wanapiga. Mzee alimpa Kidawa bendera.

Aliishika kwa mikono miwili. Upepo uliivuta.

Pacifique aliingia ndani ya ukungu. Alifika kwenye mbao za shabaha, akawa kivuli. Akainama. Akabandika. Kisha akasimama wima, akageuka kuelekea mti wa miiba.

Huko palikuwa na kivuli cha pili.

Kimo kile kile. Mabega yale yale.

Kidawa alitaka kukimbia, lakini angeiacha bendera. Alitaka kumwita, lakini kwao mtu haitwi jina ndani ya ukungu, maana hujui nani ataitika. Alibaki amesimama, mikono juu.

Kivuli kimoja kilinyoosha mkono. Cha pili kikaupokea.

Walishikana muda mrefu. Kama ndugu.

Ukungu ukafunga. Ulipofunguka, mtu mmoja alikuwa akishuka, polepole, mikono yake yote ndani ya mifuko.

"Umechelewa," Kidawa alinong'ona.

"Ni mbali kule," alijibu.

Tangu hapo Kidawa alikuwa akimchunguza. Jioni alimpa kikombe cha chai. Hakukipokea. Alingoja mpaka Kidawa akiweke juu ya meza, ndipo akakichukua. Kwenye nyama choma wenzao walimtania, wakamnyooshea mikono. Alitabasamu tu. Jaketi lake halikukauka usiku wote, ingawa lilitundikwa kando ya moto.

Jumapili kulikucha kweupe. Walipiga tena, bunduki zile zile, risasi za boksi lile lile, na kila karatasi ilitoboka. Mzee Coenraad alifurahi. Kidawa alitazama matundu yale. Kule juu hakukuwa na kitu tena cha kuzuia risasi.

Jioni gari liliwashusha Yeoville. Kidawa alitangulia mbio hadi saluni, akamkuta Denise mlangoni.

"Uliyamwaga wapi?" Denise aliuliza, kabla ya salamu.

"Nilidhani ni kombe, Denise. Nilidhani... Niliyamwaga kwenye mti. Juu ya makaburi."

Denise alifumba macho.

"Pacifique ndiye aliyempa Cédric mkono," alisema. "Kaka yake alikuja kuwaona nyumbani, naye kwa furaha akamshika. Kesho yake risasi ikampata. Pacifique aliyatunza maji yaliyobaki, na tangu hapo Cédric anayafuata, anakuja kudai. Nilitaka yamwagike barabarani, magari yayagawe huku na huku, asijue njia. Weye ukamtafutia mahali pa kusimama."

Hatua zilikuwa zinakuja nyuma yao. Zilikuwa na maji ndani ya viatu.

Kidawa hakugeuka. Alimtazama Denise usoni, na katika uso ule akaona mtu akisogea karibu. Denise alisogea mbele. Polepole, kama anayemjaribu mbwa asiyemjua, akanyoosha mkono wa kuume.

Mtu yule aliweka mikono yake nyuma.

"Usinishike, shemeji," alisema kwa upole.

Ndani ya saluni Gaëlle aliisikia sauti ya baba yake. Kiti kilisukumwa. Vijiguu vikaja mbio.

Denise hakuondoa macho kwa mgeni wake. Alirudi nyuma hatua moja, akauziba mlango kwa mwili wake.

"Gaëlle. Baki ndani, mwanangu. Baba hajarudi bado."