Kaa Wawili, Getaria

Jumamosi ile kituo cha treni cha Amara kilifurika. Vijana na mbao zao za kuteleza mawimbini, akina mama na vikapu, watoto wanaolia njaa kabla hata safari haijaanza. Ungedhani mji mzima wa Donostia umekumbuka siku hiyohiyo kwamba nje kuna jua na kuna bahari. Garazi alipenya katikati yao na blauzi yake ya mistari ya buluu, viatu vya kitambaa, miwani ya jua kichwani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mshona nyavu wa bandari ya Ondarroa, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza ya mapumziko tangu msimu wa dagaa uanze. Usiku alikuwa amelala kwa dada yake hapo mjini. Mpango wake haukuwa na makuu: treni hadi Zarautz, kutembea kando ya maji hadi Getaria, kula samaki, kurudi. Peke yake.

Milango ya treni ilipofunguka, umati ukamsukuma, naye akajikuta amejibamiza kwenye kifua cha mwanamume mwenye jaketi zito jeusi.

"Samahani, bwana, si mi—"

Akainua macho.

"Garazi," alisema yule mwanamume taratibu.

"Mm. Kumbe jina bado unalikumbuka."

"Umependeza."

"Najua. Unaingia, au umeota mizizi hapo mlangoni?"

Oier akaingia. Nafasi zilizobaki zilikuwa mbili tu, zimetazamana, magoti kwa magoti.

Miaka mitatu walikuwa wamependana, watu hawa. Oier alikuwa mtu wa Bermeo, fundi wa injini kwenye meli ya jodari inayovua maji ya Shelisheli; miezi minne baharini, miezi minne nyumbani. Garazi hakuwahi kumwomba aache kazi. Alimwomba kitu kimoja tu. Baba yake alipotea baharini yeye akiwa na miaka tisa, na siku kumi na moja mama yake alisimama bandarini bila mtu kumwambia lolote la kweli. Kwa hiyo alimwapisha Oier: likikupata jambo, kubwa au dogo, mimi niwe wa kwanza kujua.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Novemba. Garazi alipiga simu saa nne, ikapokelewa na mwanamke. Mwanamke alikuwa anacheka. Akasema kwa Kifaransa neno ambalo Garazi alilielewa vizuri kupita alivyotaka: "Amelala."

Jioni Oier akapiga. Yuko salama, hakuna mwanamke, simu ilisahaulika mahali. Sauti yake ilikuwa imepanda juu, kama kila anapodanganya. Garazi akaifungia namba yake isimfikie tena. Miezi saba ikapita hivyo.

Na sasa magoti yao yaligusana kila treni ilipokata kona.

"Jaketi la nini na jua lote hili?" Garazi aliuliza, macho dirishani.

"Nasikia baridi."

"Shelisheli imekuharibu. Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Na wewe?"

"Getaria. Kula."

"Peke yako?"

"Kuna tatizo?"

"Hakuna. Ila Koro wa mkahawani atakukalisha karibu na choo. Meza za mbele anawapa watu wawiliwawili."

Kicheko kilimfika Garazi kooni, akakimeza. Zarautz ilipofika akasimama, akaenda mlangoni, akasema bila kugeuka:

"Kama unashuka, shuka. Lakini tusikilizane. Tunakula, basi. Sitaki maelezo, sitaki machozi."

"Sawa, mpenzi."

"Na hilo neno pia sitaki."

Njiani mashamba ya mizabibu yaliwaning'inia kushoto, bahari ikipiga ukuta upande wa kulia na kuwarushia matone. Oier alikazana kutembea upande wa mashamba, mkono wa kushoto mfukoni. Walizungumzia dagaa, mvua ya Aprili, mbwa wa dada yake Garazi aliyekula kiatu cha shemeji. Mara mbili walicheka. Mara mbili kicheko kilikatika ghafla, kila mmoja akaangalia miguu yake.

Kabla ya kona ya mwisho wimbi kubwa likaruka ukuta. Garazi akapiga kelele, na kwa mazoea ya miaka mitatu akakimbilia upande wa pili wa Oier na kuukamata ule mkono wa kushoto. Oier alijichomoa kana kwamba ameguswa na moto.

Wakasimama, maji yakiwatiririka.

"Pole," alisema Garazi, sauti baridi kuliko yale maji. "Nilisahau kuwa una wenyewe."

"Sivyo, Garazi—"

"Tumekubaliana hakuna maelezo. Twende, nina njaa."

Getaria majiko ya mkaa yalikuwa yamewashwa nje, mtaa mzima ukinuka moshi, mafuta na chumvi. Koro, mama wa mkahawa, mwenye aproni nyeupe na sauti ya kuitia mashua, aliwaona tangu mbali.

"Hee! Mmerudiana! Nilijua tu, wanangu."

"Tumekuja kula, mama," alisema Garazi.

"Wote husema hivyo. Kaeni hapa mbele. Nini?"

"Kaa wawili wa kuchemsha. Halafu samaki bapa mzima, wa kuchoma, wa watu wawili."

"Mimi kaa sitaki," alisema Oier haraka.

Garazi akamtazama. "Tangu lini? Mwaka juzi Lekeitio ulikula wako, ukala wangu, ukaanza kumtazama wa jirani."

"Siku hizi sipendi."

"Leta wawili, mama."

Koro akamimina mvinyo mweupe kutoka juu, ukatoa povu, akaondoka. Kaa wakaja, wekundu, miguu yao mirefu ikitoka nje ya sahani, pamoja na koleo za kuvunjia. Garazi alivunja wa kwake, akafyonza nyama ya mguu, akafuta vidole. Oier aliushika mguu wa kaa wake kwa mkono wa kulia, akaugongagonga mezani. Haukuvunjika. Ukateleza, ukaanguka chini.

"Tumia mikono miwili kama watu," alisema Garazi.

Jasho lilimtoka Oier juu ya mdomo.

Garazi akaweka koleo chini. Alikumbuka jaketi. Alikumbuka upande aliokazania kutembea.

"Oier. Toa mkono."

"Tule kwanza."

"Toa huo mkono nje."

Akautoa, akauweka juu ya kitambaa cha meza. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Cha pete hakikuwepo. Cha kati kilikuwa nusu, ngozi yake bado nyekundu na kung'aa.

Wakati huohuo Koro akafika na samaki anayechuruzika mafuta ya kitunguu saumu. Aliuona mkono, akaona nyuso zao, akaiweka sahani kimya na kurudi ndani.

"Lini?" Garazi aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Novemba. Kamba ya chuma ya winchi, ile ya kuvutia nyavu. Yule mwanamke alikuwa nesi."

Watu wa meza ya pili walidhani dada yule ataangua kilio na kumkumbatia. Garazi alisimama. Hakukuwa na huruma usoni mwake.

"Miezi saba nimelala na mwanamke yule kichwani. Nimempa sura, nimempa nywele, nimempa gauni. Kumbe hakuna mwanamke. Kuna wewe tu, umelala hospitali umekatika, na mimi huku nakutukana! Unajua ulichonifanyia? Umenifanya mama yangu, Oier. Umenisimamisha bandarini!"

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Oier hakumfuata. Alibaki na samaki anayepoa, ule mkono juu ya meza, hana tena sababu ya kuuficha. Garazi alishuka hadi mwisho wa ukuta wa bandari, akawapita wavulana wanaoruka majini, akasimama mpaka pumzi ikatulia. Kisha akageuka. Kutoka pale alimwona, mdogo, meza ya mbele, ameinama. Akatoa simu.

Meza ya mbele simu ikaita.

"Garazi?"

"Usiongee mpaka niseme. Nataka yote, tangu ulipoumia. Ukiruka hata dakika moja, nakata."

Akamwambia. Glavu iliyonaswa. Jinsi ambavyo hakusikia maumivu kwanza, akawa anaitafuta glavu kwa sababu ilikuwa mpya. Safari ya saa kumi na tisa hadi hospitali ya Victoria, kichwa kwenye mapaja ya mpishi wa meli. Nesi alikuwa bibi wa wajukuu wanne. Alipokea simu ili isimwamshe, na alikuwa anacheka na mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Na jioni? Ulipopiga?"

"Niliogopa. Nilisikia unavyopumua, nikamkumbuka baba yako. Nikasema nitakwambia nikirudi, nikiwa mzima kidogo. Halafu ukanifungia."

"Ungekuja Ondarroa."

"Nilikuja. Mara mbili. Nilifika mpaka kwenye karakana ya nyavu, nikawaona mmekaa chini mnashona, vidole vyako vinakwenda kama mvua. Nikautazama mkono wangu. Nikarudi kwenye basi."

Wavulana wakaruka, maji yakapasuka.

"Mjinga wewe," alisema Garazi, na sauti yake ikavunjika. "Unajua siku ile nilipiga kwa sababu gani? Nilipiga nikuulize kama utanioa."

Oier aliinuka bila kujua ameinuka.

"Niulize sasa."

"Ngoja. Kwanza niambie kama kuna kingine unachonificha. Chochote. Sema sasa hivi, kabla sijapanda huko."

Oier angeweza kunyamaza. Alimwona pale ukutani, blauzi ya mistari, mkono mmoja umeziba sikio asikie vizuri. Alijua neno moja lingeweza kumrudisha kwenye treni, na safari hii yeye Oier asiwe na la kujitetea.

"Lipo," alisema. Sauti haikupanda. "Meli imeniita tena. Kazi ya chumba cha injini tu, mbali na kamba. Nimekubali. Nataka kwenda, Garazi. Sijui kuishi bila ile kazi, nami sitakudanganya kwamba najua."

Simu ikakatika.

Oier aliiangalia. Alipoinua macho, ukuta ulikuwa mtupu. Akakaa. Koro, mlangoni, akapangusa mikono iliyokuwa tayari mikavu.

Dakika zilipita, na hakuna aliyezihesabu. Kisha kiti cha mbele kikavutwa. Garazi akaketi, macho mekundu, nywele zimevurugwa na upepo. Akaivuta ile sahani ya kaa wa Oier, akachukua koleo, akaanza kuvunja miguu mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu, nyama akiipanga upande wa Oier.

"Ukikatwa hata ukucha," alisema bila kumtazama, "nataka kujua kabla ya nesi."

"Utajua."

"Unaondoka lini?"

"Tarehe kumi na mbili Septemba."

Garazi alivunja mguu wa mwisho.

"Basi tutaoana Agosti," alisema. "Kula."