Picha Ndani ya Jalada

Kila siku saa tisa alasiri, Sindano alitoka shuleni akapitia karakana ya shangazi yake. Aliweka mkoba chini ya meza, akajifunga aproni iliyomfika vifundoni, akakoroga sufuria ya gundi ya unga isishike madonge. Shangazi alikuwa fundi wa kujalidi vitabu: alishona upya kurasa zilizochomoka na kuvivisha majalada mapya vitabu vilivyochakaa. Sindano ndiye aliyemtungia uzi, maana macho ya shangazi yalikuwa yameanza kumgomea. Hapo ndipo lilipotoka jina lake la utani.

Siku moja hakukoroga kitu. Aliketi juu ya rundo la makaratasi, akihema kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

"Nani kakuchokoza?" shangazi aliuliza.

"Hakuna."

"Huyo Hakuna ana nguvu kweli. Amekuvimbisha mashavu yote mawili!"

Sindano hakucheka. Asubuhi ile mwalimu wa darasa la saba alitangaza Wiki ya Vitabu, na katika mazungumzo Sindano akasema kwamba akikua angependa kuandika riwaya. Mvulana waliyemwita Profesa, kwa kuwa hakosi kitabu mkononi, aligeuka akamkagua toka utosini hadi miguuni.

"Wewe? Na weusi huo? Hebu nitajie kitabu kimoja tu cha maana kilichoandikwa na mtu mweusi."

Sindano alianza kuvipekua vitabu kichwani. Alikuwa amesoma vitabu vingi, lakini hakuwahi kutazama vimeandikwa na nani. Darasa zima liliangua kicheko. Waliocheka walikuwa weusi kama yeye, na Profesa mwenyewe alikuwa mweusi kuwashinda wote, lakini hilo halikumpoza hata kidogo.

"Nitamkomesha," alijiapiza. "Atajuta kunifahamu."

Siku tatu baadaye, mfamasia wa mtaani, baba yake Profesa, aliingia karakanani na riwaya nene iliyofungwa kwa kamba.

"Mwanangu ataisimulia jukwaani siku ya Ijumaa, kwenye Wiki ya Vitabu," alisema. "Ameisoma mara nne. Jalada limeoza, na kurasa za mwanzo hazikuwepo tangu nilipoinunua."

"Alhamisi njoo uichukue," shangazi akajibu. Kisha akaenda dukani kutafuta uzi, akimwachia Sindano kazi ya kubandua jalada la zamani.

Sindano alililowesha kwa kitambaa, akalibandua polepole. Ndani yake, chini ya karatasi ya kaki, ukurasa mmoja ulikuwa umegandamana na kadibodi. Ulikuwa na jina la riwaya, na chini yake picha ya mwandishi: mwanamke mweusi tii, mwenye miwani mizito na tabasamu la upande mmoja. Maelezo yalisema alikuwa muuguzi, na kwamba riwaya hiyo aliiandika hospitalini, wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana.

Sindano alisoma maneno hayo mara tatu. Kisha akacheka peke yake, kicheko ambacho shangazi asingekipenda.

Sheria ya karakana ilikuwa moja: kilichoingia na kitabu hutoka na kitabu. Hata jani kavu lililosahauliwa kati ya kurasa, shangazi alilirudisha mahali pake. Sindano aliijua sheria hiyo. Hata hivyo aliutia ule ukurasa ndani ya daftari lake, akafunga mkoba.

Tangu siku hiyo, mapumziko yake yote aliyamalizia kwenye maktaba ya shule. Alipekua majalada ya nyuma, akasoma majina, akatazama picha. Mwandishi mweusi wa kwanza, wa pili, wa tano. Alipata tisa. Aliwaandika wote daftarini, kila jina silaha. Kati ya vitabu vyao kimoja kilikuwa kile cha nyota alichokipenda tangu darasa la nne. Kumbe mwandishi wake alikuwa mzee mweusi mwenye ndevu za mvi! Sindano alikikumbatia kifuani, na kwa dakika nzima alisahau kisasi chake.

Profesa akachungulia dirishani. "Bado hujakipata? Tafuta vizuri, huenda kiko chini ya kabati!"

Moto ukawaka upya.

Ijumaa ukumbi ulijaa wanafunzi na wazazi. Shangazi naye alikuwepo, kwa kuwa mwalimu mkuu alikuwa amepanga kumkabidhi vitabu vyote vya maktaba avijalidi. Profesa alisimulia riwaya yake vizuri, hata watoto wadogo wakatulia. Lakini alipomaliza, hakuweza kujizuia.

"Kitabu kama hiki," alisema, "mtu wetu hawezi kukiandika."

Sindano aliinuka kabla hajaitwa. "Mwandishi wako huyu hapa!" alipaza sauti, akaunyanyua ule ukurasa juu. "Mtazame vizuri! Mtu mweusi! Soma mwenyewe, Profesa, au leo hujui kusoma?"

Mwalimu aliuchukua ukurasa, akausoma kwa sauti, kuanzia jina la riwaya. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Profesa aliitazama picha, akaiacha riwaya mezani na kutoka kwa mlango wa pembeni. Utamu ulimwenea Sindano hadi kwenye vidole. Alitamani arudi ili wamcheke tena.

Ndipo mfamasia aliposimama. "Ukurasa huo umetoka katika kitabu changu. Kumbe fundi wetu huchomoa kurasa za watu?"

Kicheko kilikatika. Mwalimu mkuu alimgeukia shangazi. "Fundi, una la kusema?"

"Ukurasa huo sijawahi kuuona," shangazi alijibu.

Minong'ono ilienea ukumbini. Shangazi alisimama wima, gundi kavu ikiwa bado kwenye kucha zake, wala hakumtazama Sindano. Alikuwa ameshaelewa. Utamu wote ulimgeukia Sindano kinywani ukawa shubiri.

"Ni mimi," alisema. "Niliukuta ndani ya jalada nikauficha. Nilitaka Profesa aaibike mbele ya watu. Shangazi hakujua lolote."

Shangazi alipanda jukwaani, akaichukua riwaya. "Utaushona ukurasa huu leo hii, mbele ya mwenye kitabu."

Alasiri hiyo Profesa alitumwa na baba yake kusimamia. Aliketi ng'ambo ya meza, macho mekundu. Sindano alitunga uzi, akaanza kushona. Maneno makali yalikuwa yamejaa ulimini, tayari kurushwa.

"Nilikuwa nikijiuliza anafananaje," Profesa alisema ghafla. "Mara zote nne. Kumbe anafanana na mama yangu mdogo."

Sindano alikata uzi. Akayameza yale maneno, ingawa kwa shida. "Wapo wengine tisa," alisema. "Nimewaandika."

"Nionyeshe."

"Kwanza niombe radhi."

"Na wewe je?"

Walitazamana kama majogoo wawili. "Nisamehe," walisema, karibu kwa pamoja, kila mmoja kwa kununa.

Wiki iliyofuata meza ndefu ilitandikwa maktabani. Sindano na Profesa walipanga juu yake vitabu vya waandishi weusi, kila kimoja na picha ya mwandishi mbele yake. Watoto walisukumana kuvitazama. Mfamasia alimwomba shangazi radhi, na mwalimu mkuu akamkabidhi kazi ya maktaba kama alivyopanga.

"Lakini shangazi," Sindano alinong'ona wakiwa kando ya meza, "nilisema ukweli. Si alikosea kunidharau kwa sababu ya weusi wangu?"

"Alikosea sana, na ilibidi aambiwe. Lakini fikiri, mwanangu. Mtoto yule amempenda mwanamke mweusi kwa mara nne nzima bila kumjua. Anajidharau mwenyewe, ndiyo maana alikudharau wewe. Katika mji huu wote, aliyeihitaji picha ile kuliko wote ni yeye. Ulikuwa na habari njema mkononi, ukampiga nayo kofi. Na kofi hilo likanifikia mimi niliyekuamini. Ukipata jambo la kweli, lifikishe zima, na kwa njia safi."

Sindano aliinamisha kichwa. Mbele yao, Profesa alikuwa amemwinua msichana wa darasa la kwanza ili aione vizuri picha ya yule muuguzi.

"Huyu ndiye aliyekiandika," alikuwa akimwambia. "Chote. Kwa mkono wake mwenyewe."