Mrija Mwembamba

Walikutana mlangoni mwa lifti ya hospitali, saa ya kuona wagonjwa, watu wamebanana. Yeye daktari wa mionzi, koti jeupe na raba miguuni. Kijana muuza vifaa vya hospitali, shati la bluu limenyooka kwa pasi, sanduku lake likamgonga daktari goti.

"Samahani, dada."

"Samahani haiponyi goti."

"Basi nipe namba, niwe nakuulizia hali ya goti."

Akauliza kweli, kila siku, miezi minane, hadi daktari akazoea kuitwa mpenzi.

Kisha idara ikamtaka achague vifaa. Alimwambia mkuu wake waziwazi kwamba yeye na muuzaji wanapendana, hivyo wenzake wakajaribu sampuli za vifaa pamoja naye. Sindano za kijana za kuchukulia kipande cha nyama ya mwili kwa uchunguzi hazikuwa na neno. Mirija ya kutolea usaha ndiyo iliyowatoa jasho: myembamba mno, usaha mzito unaiziba siku hiyo hiyo. Daktari akaandika: sindano ndiyo, mirija hapana.

Simu ikalia jioni.

"Mpenzi, umeniaibisha kwa bosi wangu."

"Nimekataa mirija, sijakukataa wewe."

"Ungenyamaza tu."

"Ninyamaze, mgonjwa atobolewe mara mbili? Hebu acha utoto."

Kijana akakata simu. Wiki tatu hakupiga. Daktari alimkasirikia, alimkumbuka, na kumkumbuka huko kukazidi kumkera.

Jumatatu aliletewa mama mwenye jipu kwenye ini, homa siku ya sita. Nyuma ya machela, shati limekunjamana, alikuwa yule kijana.

Kwenye ultrasaundi usaha ulionekana mzito kama uji.

"Daktari," kijana akasema kwa shida, "muwekee mama ule mrija mnene. Usiweke wa kwangu."

Mgonjwa akageuza shingo. "Ndiye huyu aliyekataa mirija yako?"

"Ndiye, mama."

"Na ukamnunia? Mwanangu, una kichwa kigumu."

"Mama, tulia, usijisogeze," daktari akasema. "Na wewe, kasubiri nje."

Baada ya nusu saa alitoka, akivua barakoa.

"Usaha unatoka vizuri. Atapona."

Kijana alikuwa amekaa kwenye benchi, machozi yakamlengalenga. "Nilikosea. Utakubali kuolewa na mtu kama mimi?"

"Wiki tatu hupigi simu, leo unaniposa kwenye foleni ya wagonjwa?"

"Ndiyo."

"Nitakubali. Lakini kazini nitaandika ninachokiona, hata kama ni cha kwako."

"Andika," akasema, akamshika mkono mbele ya foleni nzima.